Magari ya Baba Mkwe na Bahasha za Dobi

Mume wangu ni dobi, na anayetaka kumwelewa aanze na mifuko. Katika miaka ishirini na miwili ya kufua na kupiga pasi pamoja, nimeona mifuko ya watu ikitoa pete, meno ya bandia, barua za mapenzi zisizoandikwa na mke, na siku moja kifaranga, tena mzima. Chochote kitokacho mfukoni mume wangu hukitia kwenye bahasha, huandika jina la mwenye nguo, akaibana kwenye hanga, basi. Hasomi wala haulizi. Karatasi ikiwa imelowa, huianika dukani kwenye kamba ya ndani kwa kibanio kimoja, maandishi yakitazama ukuta, na ikikauka inaingia bahashani. "Mfuko wa mtu ni tumbo lake," huniambia. Mimi nasema mfuko wa mtu ni gazeti, lakini duka ni lake na sheria ni zake.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyerithi magari matatu.

Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa maharusi na wakubwa, na alipostaafu alibaki na magari ambayo yote yalinizidi umri, na mimi si mtoto. Lile jeupe refu tuliliita Bibi Harusi. Jeusi tuliliita Mheshimiwa, kwa sababu lilikuwa halifanyi kazi yoyote na kila mtu analipisha njia. La tatu lilikuwa dogo, la kijani, tukaliita Kiroboto. Siku chache kabla hajafariki, mzee alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Ukitaka kuuza, uza. Lakini yasiende kwa wakata vyuma. Niahidi." Mume wangu akaahidi. Mzee akaongeza, "Ila najua watakupiga tu, wewe mtoto wa sabuni." Ndivyo alivyokuwa, Mungu amrehemu. Alimpenda mwanawe, lakini hakumsamehe kamwe kwa kuchagua beseni akaacha usukani.

Magari yakaletwa uani kwetu, na uani ndiko tunakoanika. Kwa miaka mitatu nimetundika mashuka ya watu juu ya paa la Mheshimiwa. Upepo ukivuma, shuka linambusu Mheshimiwa na kurudi na kutu. Mke wa daktari alipata shuka lenye doa mfano wa sikio, akalirudisha akiwa amelishika kwa vidole viwili. Siku ile nilimwambia mume wangu achague, magari au mimi. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Tutauza," akasema mwishowe. "Lakini kwa njia iliyo salama."

Tukaanza na dalali. Dalali wa mtaani kwetu ana simu mbili na uongo mmoja, ndio anaoutumia kujibu zote mbili. Alipiga tairi teke, akasema, "Mzee, una mali hapa!" na kesho yake akaanza kuleta watu. Walikuja wengi, wakatazama, wakapiga picha, wakaondoka bila kuuliza bei. Nilishtuka mama mmoja aliponiuliza choo cha wageni kiko wapi. Kumbe dalali alikuwa anawatoza kiingilio, na wao walidhani ni makumbusho. Mume wangu alimfukuza kwa upole, yaani alimfungia lango akamwombea dua njema kwa nje.

Nikasema mimi ni mtu wa kisasa, niweke tangazo mtandaoni. Kwa siku mbili nilipata jumbe arobaini, na thelathini na nane zilisema, "Bado lipo?" Nikijibu kwamba lipo, kimya. Mmoja alitaka tubadilishane na makochi mawili na friji "inayodai gesi tu". Mwingine alipiga simu akauliza kama gari linauzwa pamoja na mwenye sauti hiyo tamu. Huyo alijibiwa na mume wangu mwenyewe, kwa maneno machache ambayo siyaandiki.

Ukabaki mnada. Mume wangu hakutaka kupeleka magari kabla hajaona mambo yanavyokwenda, kwa hiyo alienda kutazama tu. Alirudi jioni kwa mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na kiti cha daktari wa meno.

"Nilimpungia mkono mteja wetu," akasema.

Niliishiwa maneno, jambo ambalo halinitokei. Yeye akaketi kwenye kile kiti, kikamlaza chali bila kuulizwa, akaendelea kuzungumza akiangalia dari. "Mnada haufai. Nyundo ikishagonga, gari ni la yeyote aliyenyoosha mkono. Hakuna anayemuuliza analipeleka wapi." Kiti tukakiingiza dukani kiwe cha wateja, maana kukirudisha ilikuwa haiwezekani.

Ndipo akaja na wazo lake mwenyewe. Anayetaka magari ya baba alete kwanza suruali zake tatu zifuliwe. Nilimuuliza kama jua limempiga. Akasema, "Mimi watu siwajui kwa maneno, mke wangu. Nawajua kwa nguo."

Wa kwanza kukubali alikuwa bwana tuliyempa jina la Suti, kwa sababu alikuja na suti nyeupe iliyopigwa pasi na mtu anayeijua kazi, hilo siwezi kumnyima. Alisimama mbele ya Bibi Harusi, akaweka kiganja juu ya boneti, akalia. "Shemeji," akaniambia, "marehemu baba alikuwa na gari kama hili hili." Alipofika kwa Mheshimiwa akalia tena, kwa baba yuleyule. Kwa Kiroboto machozi yalikuwa yameisha, ila alijitahidi. Alisema atayaweka kwenye ukumbi wenye zulia, yafutwe vumbi kila asubuhi. Mimi nilishaanza kuwaza kamba zangu zitakavyokaa uani.

"Vizuri, bosi," mume wangu akasema. "Niletee suruali tatu nifue."

Suti alinitazama. "Ndiyo desturi ya nyumba hii," nikasema, kwa aibu.

Wiki hiyohiyo akajitokeza mwalimu pia. Huyu ni mama mmoja, mteja wetu wa miaka sita, anafundisha ufundi wa magari chuoni, na huzungumza kama mtu anayetozwa kwa kila neno. Kila Ijumaa huleta ovaroli yake. Alisimama uani akaliangalia Mheshimiwa, akauliza, "Injini inazunguka au imeganda?"

"Imeganda, mwalimu."

"Aa." Akainama kuchungulia chini. "Nikiyataka yote matatu?"

"Ovaroli yako ninayo," mume wangu akasema. "Nipe hadi Jumamosi."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipotenda dhambi. Ijumaa jioni, suruali ya Suti ilipotoka majini, mfukoni kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Mume wangu akaifungua akiwa ameangalia pembeni, akaianika kwa kibanio kimoja, maandishi ukutani, kisha akaenda kununua sabuni. Nikabaki mimi, pasi na ile karatasi. Nilipiga shati moja. Nikapiga la pili. La tatu nililiunguza kola. Nikaigeuza.

"Jeupe kilo 1,600. Jeusi kilo 1,900. Kijani kilo 700. Msumeno Jumatatu."

 Mtu anayepima gari kwa kilo hana ukumbi wala zulia. Ahadi ya mzee ilikuwa inaelekea kwenye msumeno, na aliyejua ni mimi peke yangu.

Mtasema, si ungemwambia mumeo? Nyinyi hamumjui. Mwaka wetu wa nne dukani nilisoma barua ya mteja nikamsimulia kwa kicheko. Alifunga duka siku mbili, akanichukua mpaka kwa yule mteja, tukaomba radhi mlangoni, mimi nikiwa nyuma yake natamani ardhi ipasuke. Nikimwambia nimesoma tena, nimevunja kitu ambacho hakifuliki. Nikinyamaza, magari yanakatwa. Basi Jumamosi asubuhi nikaiondoa ile karatasi mahali pake, nikaitundika juu ya kiti cha wateja, maandishi yakitazama chini kwetu, na nikaibana kwa vibanio viwili isije ikageuka. Mume wangu akiinua macho tu, ataona. Nikajiambia, si mimi niliyemwambia, ni kamba.

Suti akaja na mkataba na kalamu ya dhahabu. Akakaribishwa, akaketi. Kiti kikamlaza chali, miguu juu, magoti yakaelekea usoni kwa mume wangu. Na macho yake yakaelekea juu, moja kwa moja kwenye karatasi yake mwenyewe.

Mume wangu akafuata macho ya mgeni. Akainua kichwa. Mimi nikasema kimoyomoyo, soma, baba, soma! Yeye akafumba macho.

"Samahani sana, bosi," akasema akiwa amefumba. "Karatasi yako imegeuka. Sijasoma hata herufi." Akaipapasa kambani kama anayetafuta swichi, akaangusha soksi za watu wawili, akaipata, akaitia bahashani, akailamba na kuibandika. Akamkabidhi. Nilitamani kumrushia pasi.

Kisha akafumbua macho. "Suruali zako ni hizi, zimetakata. Magari sikuuzii."

"Umesoma!" Suti akapiga kelele, angali chali.

"Sijasoma. Nimefua."

Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na ovaroli ya baba yake. Humo dukani mwetu, kwa mtu anayeweza kuondoa wino, damu na kutu, hiyo ndiyo nguo pekee chafu iliyokaa miaka mitatu bila kuguswa na maji. Nilidhani ameisahau. Akaitandaza mezani.

"Huyu aliyapenda magari," akasema. "Tazama magoti, yameisha kwa kupiga magoti. Kiwiko cha kushoto kina mafuta, kwa sababu ndicho alichoegemea akiwa chini ya gari. Suruali zako, bosi, si mpya. Pindo zimechakaa, kiunoni zimetanuliwa mara mbili. Lakini magoti hayana hata mkwaruzo. Wewe hujawahi kulipigia gari magoti."

 Suti alitaka kuondoka kwa hasira, lakini kiti hakikumruhusu, ikabidi tumvute mimi na mume wangu, kila mmoja mkono wake.

Alipotoka, mume wangu akaweka ovaroli ya mwalimu kando ya ile ya mzee. Magoti yalikuwa yameisha pale pale. Kiwiko cha kushoto kilikuwa na doa lile lile, ambalo mume wangu amepigana nalo kila Ijumaa kwa miaka sita bila kulishinda.  Aliyapangusa yale magoti kwa kiganja, yote manne.

Mwalimu aliuziwa. Walienda benki pamoja, wakatoka hapo kwenda kubadilisha majina kwenye kadi za magari, na funguo hazikutoka mfukoni mwa mume wangu mpaka karatasi zote zilipogongwa muhuri. Siku ya kuyachukua mwalimu alikuja na gari la kuvuta, amevaa gauni zuri kwa kuwa alikuwa anapitia shughuli. Mheshimiwa alikataa kutoka. Mwalimu akapiga magoti matopeni na gauni lake, akaingia chini nusu mwili, akaanza kuligongagonga huku akilibembeleza. Kumbe maneno anayo mengi, anayaweka huko. Nilimwambia gauni lile nitalifua mimi, bure.

Uani pakabaki peupe. Tulikuwa tunafunga kamba mpya, nami moyo ukanisuta, nikasema, "Mume wangu, ile karatasi ya Suti, upepo wa siku ile..."

"Upepo haubani vibanio viwili," akasema bila kugeuka. "Nishikie hapa, vuta."

Nikavuta. Na mimi, kwa mara ya pili mwaka huo, nikakosa la kusema.

Kesho yake alfajiri nilimkuta amelowesha ovaroli ya baba yake. Hakutia dawa ya madoa, sabuni tu, na alikuwa anaisugua taratibu, mabega yakitikisika. Nikajifanya natafuta ndoo. Mfukoni mlikuwa na kitu, alikitoa akiwa ameangalia pembeni, akakitia kwenye bahasha, akaandika "Baba", akaibana kwenye hanga pamoja na nguo ilipokauka. Mpaka leo iko pale nyuma ya mlango, na haijafunguliwa. Mimi mwenyewe naapa sijaigusa. Nimeinyanyua tu dirishani mara mbili, penye mwanga, na siku zote mbili kulikuwa na mawingu.