Kura ya Sauti

Tamthilia ile ilipokwisha, mjane alipanda basi peke yake na fundi redio akarudi dukani kwake. Nilikasirika. Mimi ni fundi cherehani hapa Nyamisangura, mjini Tarime, mume wangu anafanya kazi Kenya na huja akipata nafasi, nafasi yenyewe haipatikani. Sikuhitaji kuonyeshwa upweke wa mtu mwingine kwenye televisheni. Nikaanza kuandika mwendelezo wangu kwenye simu na kuutuma katika kundi la wapenzi wa tamthilia, kwenye mtandao usioonyesha namba wala jina la mtu. Nikamrudisha mjane kwa fundi. Nikawapa nyumba na kitanda, na walipoingia chumbani sikubaki mlangoni kama waandishi waungwana. Niliingia nao.

Wengi walisoma kimya. Mmoja tu, aliyetumia picha ya ua jekundu, alinijibu kila sehemu. "Huyo mjane amekaa na baridi muda mrefu, usimharakishe," aliwahi kuniandikia. Nilikuwa nakata kitambaa huku nawaza atasema nini safari hii. Sioni aibu kusema alikuwa rafiki yangu pekee.

Kisha vita vikaanza. Mama mmoja alisema binti yake amechukua simu akakutana na kile kitanda changu. "Mnaharibu watoto wa watu! Futeni huo uchafu!" Mtu wa Sirari akamjibu, "Ai, si aweke tu onyo pale juu? Nani amekulazimisha kusoma?" Wengine wakasema sheria itatukamata sote. Waliopiga kelele zaidi ni walewale waliokuwa wakiniuliza sehemu inayofuata inatoka lini. Nyani haoni kundule.

Wasimamizi wakaamua kila mwenye la kusema atume ujumbe wa sauti, ijulikane ni mtu mzima na si mtoto aliyejificha nyuma ya maandishi. Mwandishi naye ajitetee kwa sauti yake. Akikaa kimya, hadithi ifutwe.

Nilikunywa maji, nikakohoa, nikajiandaa. Ua jekundu akanitangulia.

"Mimi ni mtu mzima. Mzee wangu alishafariki, watoto wametawanyika. Hiyo hadithi ndiyo inanisemesha jioni. Mkiifuta mnanipa nini? Mwandishi, sema basi, mama."

Niliijua sauti ile kabla haijafika mwisho. Ilikuwa ya mama mkwe wangu wa Nyambureti, na simu anayosomea alinunuliwa na mume wangu. Tangu niolewe tumezungumza habari za shamba, mvua na ng'ombe tu.

Kwetu Wakurya, bibi na mjukuu hutaniana mpaka mambo ya kitandani na watu wakacheka. Mama mkwe na mke wa mwanawe, hapana. Nikinyamaza, hadithi inafutwa. Nikisema, atanijua kwa neno la kwanza, na hataweza tena kusoma wala kunitazama usoni. Nikanyamaza. Hadithi ikafutwa yote, waliotaka ifutwe wakapongezana, nami nikalia juu ya nguo ya mteja.

Wakati wa kuvuna nilikwenda Nyambureti kumsaidia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wako amepiga simu?"

"Amepiga."

Hakuwa amepiga. Nadhani alijua, maana hakuuliza amesema nini.

Jioni aliingia chumbani kupumzika, nami nikabaki jikoni nasonga ugali, ukuta mmoja kati yetu. Simu yangu ikatetemeka. Ua jekundu alikuwa ameniandikia mimi peke yangu: "Mwandishi, umepotea. Mjane yuko wapi sasa?"

Sehemu ya mwisho nilikuwa nayo, nilishaiandika bila kuituma popote. Nilijua ni mwiko. Yeye hakujua, na nikaona mwiko huo niubebe mwenyewe. Nikafuta unga mikononi, nikamtumia.

Nikaendelea kusonga. Baada ya muda nikamsikia anacheka, kicheko cha msichana, ambacho sikuwahi kukisikia katika nyumba ile. Nilitamani kuingia nimuulize amefika wapi.

"Mama, chakula tayari," nikaita.

Alipotoka uso wake ulikuwa uleule wa siku zote. Akanawa mikono, akaketi, akaniuliza kama huko Tarime mvua imenyesha.