Punje ya Anayejificha

"Anayejificha vizuri anapata nini?"

Rafiki yangu aliniuliza hivyo Jumamosi moja, mkono wake ukiwa umefunika dadu mezani. Nilikuwa na kanuni tu. Nikamwambia punje ni ya anayethubutu.

Chuo chetu pale Uvira kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mapigano yaliyokuwa yakisogea kutoka bonde la Ruzizi, na sisi wanne hatukuwa na pa kwenda. Kaka yangu alikuwa amerudi kutoka Bujumbura na karatasi za mchezo fulani, zimeandikwa kwa Kifaransa, nami nikazisoma mpaka nikaelewa. Mchezo wenyewe hauna ubao. Mtu mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi na kusema anachofanya. Pakiwa na shaka kama atafaulu, dadu inaamua. Msimulizi nilikuwa mimi. Hadithi yetu ilihusu wasafiri wanaopeleka dawa kutoka ziwani mpaka hospitali ya Lemera, kwa barabara yenye vizuizi vingi. Bado najiuliza kwa nini tulichagua vizuizi wakati vya kweli tulikuwa navyo nje. Labda kwa sababu vya mezani vilikuwa vinafunguka.

Mwisho wa kila mchezo nilitoa punje moja ya haragwe kwa mchezaji mmoja, yule aliyefanya jambo la kishujaa kuliko wenzake. Mwenye punje, dadu ikimkataa, aliirudisha kwenye kopo na kutupa tena. Asiyekuja alipoteza punje zake zote. Kanuni hiyo ya pili niliitunga mwenyewe. Watu walikuwa wameanza kukosa, na nikibaki nyumbani nilikuwa nasikia kila kitu: pikipiki ikizimwa ghafla, bati la jirani likigongwa, mbwa wakinyamaza wote kwa pamoja. Niliwaambia kanuni ni ya kulinda mchezo.

Tulicheza nyumbani kwa mwenzetu mmoja, mzaliwa wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu walioingia Uvira tangu enzi za misafara. Shangazi yake alitupikia chai ya tangawizi na kutuita waganga wa maharage. Wa tatu alitoka Sange, mtoto wa wakulima wa mpunga, hodari wa maneno, mwenye punje tisa. Wa nne alikuwa huyu rafiki yangu. Ni binti wa wafugaji wa milima ya juu, na siku zile sura ya mtu na mahali alikotoka vilitosha kumfanya ashushwe garini kwenye kizuizi. Kuna walioshushwa ambao hawakuonekana tena. Sote tulilijua hilo, ila mezani hatukulitaja.

Katika hadithi yeye alikuwa mpagazi. Akiingia nyumba yoyote, swali lake la kwanza lilikuwa moja: mlango wa nyuma uko wapi? Kijana wa Sange aliruka kutoka mapaa, akapora silaha, akawatukana wakuu wa vizuizi. Mpagazi alikaa chini ya turubai na kuhesabu hatua za walinzi. Hakuwahi kupata hata punje moja.

"Weye mutu yako atakufa na uzee," kijana wa Sange alimwambia.

"Ndiyo minye nataka."

"Shefu, umusikie," kijana wa Sange akanigeukia mimi msimulizi. "Anaogopa mpaka kuku."

"Kuku iko na midomo mikali," alijibu, na shangazi akacheka kule jikoni.

Jumamosi hiyo ya swali lake, tulipokuwa tunakusanya vikombe, aliniambia taratibu kwamba huenda wiki ijayo asije. Kwao walikuwa wanapanga kuvuka kwenda upande wa Burundi, pengine Jumatatu inayofuata Jumamosi hiyo, au hata mapema zaidi. Watu walikuwa wanasema mji utaingiliwa.

"Nani ameona?" nikamuuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali langu siku zile. Ukiniambia wapiganaji wamefika Sange, nilikuuliza nani ameona. Nilidhani hofu ni habari isiyokuwa na shahidi.

"Hakuna mwenye ameona," alisema. "Mwenye anaona hapati nafasi ya kusema."

Nikacheka. Nikamkumbusha kwamba asiyekuja anapoteza punje zake.

"Minye sina hata moja."

"Basi njoo upate ya kwanza. Mpagazi apite mlango wa mbele mara moja tu, nitakupa. Naahidi."

Alikuja. Jumamosi hiyo ya pili nzi walikuwa wengi sebuleni, kwa sababu ya ndagala, visamaki vya ziwani, zilizoanikwa uani. Nilimweka mpagazi ndani ya nyumba iliyozingirwa na nikamfungia mlango wa nyuma, ili asiwe na njia nyingine. Nilijiona fundi. Akasema, "Haya. Napita mbele," akachukua dadu.

Hakuitupa. Mlio wa kwanza wa risasi ulitoka upande wa Kavimvira, kule mpakani, na mimi nikasema ni mbali. Wa pili haukuwa mbali. Kijana wa Sange aliinuka akaelekea mlangoni kuchungulia, kama vile angefanya mtu wake wa mezani, kifua mbele.

"Rudi," rafiki yangu alisema. Hakupaza sauti. "Lala chini. Hapana kwa dirisha. Wote, mu kolidoo."

Kijana wa Sange alitii kabla sijaelewa. Mimi nilikuwa bado nimeketi, nimeshika penseli. Rafiki yangu alinishika kwapani akanivuta sakafuni, tukatambaa mpaka kwenye kolidoo kati ya vyumba viwili, mahali ambapo hapakuwa na ukuta wa nje. Akamwita shangazi. Akaomba ndoo ya maji, akatuambia tuzime simu, tuweke vichwa upande mmoja, tusiongee. Alifanya kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Meno yangu yaligongana, akaweka kiganja chake kwenye taya langu mpaka yakatulia.

Tulilala pale alasiri yote. Kitu kilipasua kioo sebuleni, tukasikia kopo likidondoka na maharage yakitawanyika sakafuni, punje baada ya punje. Baadaye tuliona tundu kwenye kiti cha kijana wa Sange, kwenye mgongo. Alilitazama, akaingiza kidole, akakitoa.

Asubuhi milio ilikuwa imekoma, lakini barabara ilikuwa na vizuizi vipya, na hatukujua ni vya nani. Rafiki yangu alisema lazima afike mpakani siku hiyo hiyo. Shangazi aliinuka akaleta nguo zake. Alimvika baibui lake jeusi, akamfunga ushungi mpaka kwenye nyusi, akampa kapu la ndagala alibebe kichwani.

"Weye ni binti yangu. Una jino linauma. Minye ndiye ninaongea."

Kabla hawajatoka niliokota punje moja chini ya meza nikamwekea kiganjani.

"Hii ni ya kujificha," nikasema.

"Leo ndiyo unakumbuka," alisema, akaifunga kwenye pindo la ushungi.

Niliwatazama kupitia ufa wa lango, shangazi mbele, yeye nyuma akitembea kwa uzito wa mtu mzima. Walipofika kwenye kona, mwanamume mwenye bunduki aliwainulia mkono. Walisimama. Sikusikia chochote. Nilihesabu kama mpagazi alivyokuwa akihesabu hatua za walinzi, nikafika mia, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kisha kapu likasogea tena, likapotea nyuma ya nyumba.

Shangazi alirudi mchana, peke yake, miguu imejaa vumbi. Alisema alimwona akivuka daraja. Baada ya hapo namba ya rafiki yangu haikupatikana tena.

Muda mrefu baadaye, chuo kikiwa kimefunguliwa na sisi watatu tukiwa hatuchezi tena, alinipigia kutoka kambi ya wakimbizi. Mama yake alikuwa karibu naye, akaichukua simu anisalimie. Kwa mama huyo ndipo nilipojua kwamba hawakungoja Jumatatu. Gari lao liliondoka Jumamosi ile ile ya milio, saa sita mchana, na kiti kimoja kilikwenda kitupu mpaka Burundi, kwa sababu binti yake aliomba abaki hadi jioni: alikuwa ameahidiwa punje ya haragwe.