Shata Iliyokwama Siku ya Kupamba

Kadzo alipita mbele ya Ngome ya Yesu adhuhuri ile akiwa ameikumbatia kamera chini ya leso, na wauza vinyago waliomzoea wakamwita bure. Hakuwa na muda wa salamu. Ndani ya kamera mlikuwa na filamu, na katika filamu hiyo wanawake saba walikuwa vichwa wazi.

Kazi yake ndiyo hiyo. Mgiriama wa Tudor, Mkristo, miaka kumi na miwili ameingia nyumba za Mji wa Kale kuwapiga picha wanawake siku za harusi, mahali ambapo mpiga picha mwanamume hata kivuli chake hakitakiwi. Filamu huisafisha mwenyewe jikoni kwake, picha akazianika kwenye kamba, na kesho yake akamkabidhi mama wa bibi harusi picha na negativu zote. Habakishi hata moja. Aliaminiwa kwa hilo tu, maana kwa ufundi, tuseme ukweli, wapo waliomzidi.

Lakini mwezi uliopita, katika ule mwaka wa 1994, picha ya msichana mmoja wa Kibokoni, aliyopigwa na Kadzo harusini, mabega nje, ilionekana kwa kijana wa duka la kanda za video. Posa ikavunjika. Watu wakasema msichana alimpa mwanamume picha kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka leo hatoki nje. Kadzo aliapa kwamba haikutoka kwake. Wengi walimtilia shaka; Bi Swafiya peke yake ndiye aliyemsimamia, akamwita kwenye harusi ya bintiye ili wenye midomo waifunge.

"Mimi n'shakutetea mbele za watu, Kadzo," alimwambia. "Ikitoka nyingine, mwanangu ndiye atakayeumia."

Sasa asubuhi hii, bibi harusi akipakwa hina, shata ikakwama. Vile vibati vyembamba vinavyofunguka na kujifunga kwenye lenzi viligoma nusu njia. Kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi aonekane, kulikuwa baada ya alasiri.

Kibandani kwake, Fundi Joab, mzee aliyestaafu reli na sasa hutengeneza kamera, aliigeuzageuza kamera ile kuukuu ya macho mawili. "Niachie, mama. Uje kesho."

"Siiachi, fundi. Itengeneze nikiiona. Na mlango wake wa nyuma usiufungue, mna filamu."

"Hapo picha moja itaungua kwa mwanga."

"Iungue."

Joab alifungua lenzi ya mbele kwa bisibisi ya saa, akasokota pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye petroli na kuvifuta vibati polepole. Pamba ilitoka na utelezi. Akainusa.

"Nani amekutengenezea hii?"

"Hakuna. Haijaguswa tangu ulipoisafisha wewe, mwaka juzi."

"Imeguswa. Haya ni mafuta ya cherehani, tena mapya. Na skrubu zimechunwa kwa kisu. Vibati hivi havitaki mafuta hata tone, vikipata vinagandana. Huyu bwana ilimkwamia kidogo, akataka kuilainisha, ndio akaimaliza." Akacheka.

Kadzo hakucheka. Cherehani nyumbani ni ya Kitsao, mumewe, anayeshona mapazia tangu apunguzwe kazi bandarini. Mume mpole, asiyejua kamera inashikwaje. Ndivyo yeye Kadzo alivyozoea kumsifu. Lakini mtu hatii mafuta kamera asiyoitumia. Na angepiga nini, kama si picha zilizoanikwa jikoni mkewe akiwa amelala? Akaikumbuka ile picha ya dukani aliyoonyeshwa. Juu yake palikuwa na kivuli alichodhani ni doa. Kilikuwa kivuli cha kibanio cha nguo, kile cha kamba yake. Mtu alikuwa amepiga picha ya picha.

Na leo alfajiri Kitsao alimuuliza mara mbili, "Za leo utazianika lini?" Naye, masikini, akafurahi kwamba mume anaijali kazi yake.

"Imepona," Joab alisema, na shata ikalia safi, mara tatu, nne.

Angeweza kunyamaza. Filamu angeifungia mahali, Kitsao angebanwa chumbani, na hakuna nyumba ambayo ingejua. Wazo hilo lilifuatana naye mpaka kwa Bi Swafiya, na usidhani hakulipenda. Alilipenda sana. Ila yule msichana wa Kibokoni bado anaitwa mhuni kwa kosa la watu wengine.

Chumbani wanawake walikuwa wakicheka, nywele zimefumuliwa, mmoja amejilaza kitandani na kanga ya kifuani tu. Bibi harusi alikuwa akisukwa.

"Imepona?" Bi Swafiya aliuliza.

"Imepona." Kadzo aliiweka kamera kitandani. "Bi Swafiya, ile picha ilitoka nyumbani kwangu. Ni mume wangu. Yule mtoto hakumpa mtu. Filamu ya leo imo humo, ibaki kwenu."

"Wajua tangu lini?"

"Tangu saa hii, kwa fundi."

Hakuna aliyemfokea Kadzo, na afadhali wangemfokea. Mmoja mmoja waliziokota leso zao wakajifunika, kama kwamba mwanamume ameingia chumbani.