Kiti cha Nyuma cha Gari la Silinda Nane

Walisema nitarudi kutoka Uingereza na sanduku la mitumba na kikohozi. Walisema diploma ya injini si digrii, na kwamba mwisho wa mtu wa diploma ni kumshikia spana mwenye digrii. Baba mdogo wangu, aliyeongoza sala siku niliporudi nyumbani Meru, alimaliza sala akafungua macho, akawaambia watu waliojaa uani kwamba siku nitakayonunua hata baiskeli yenye kengele, yeye mwenyewe atanisukuma nayo mpaka sokoni. Watu wakacheka huku wakila nyama niliyoinunua mimi.

Ieleweke kwamba hakuna aliyenisaidia kwenda. Niliuza ng'ombe wawili walioachwa na marehemu baba, nikapanda ndege. Kule nilisoma mchana, na jioni nikaosha magari katika karakana moja ya mji mdogo wenye mvua isiyoisha. Huko ndiko nilikoliona gari lile kwa mara ya kwanza: refu, la kupanda milima, lakini ndani lina ngozi na mbao kama ofisi ya waziri, na chini ya boneti injini ya silinda nane. Wenyewe walilitumia kwenda kununua maziwa. Nililiosha mamia ya mara bila kuruhusiwa kukaa kwenye kiti cha dereva. Msimamizi wa karakana aliniambia nitandike turubai juu ya kiti kwanza kama nataka kufuta dashibodi. Nilirudi nyumbani na diploma yangu, na picha ya dashibodi ile kichwani.

Nilipata kazi ya kufundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja mjini Embu, nikapanga nyumba mtaa wa Dallas, nikaoa binti wa Ishiara. Kwa miaka minne nilivaa viatu jozi moja na kuweka akiba. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na gari dogo la Kijapani, na kila asubuhi alipiga honi akinipita nikitembea kwenda chuoni. Hakuwahi kusimama. Alipiga honi tu.

Basi katikati ya miaka ya tisini nikasikia kwamba mkulima mmoja Mzungu, mwenye mashamba ya ngano huko Timau, anauza kila kitu arudi kwao. Matrekta, mbwa, sahani, na gari kama lile la Uingereza. La kijani kibichi. Nilikwenda Jumamosi. Baridi ilikuwa kali na wanunuzi wengine walikuwa wamesimama mbali wakiliangalia kama watu wanaoangalia simba.

"Hiyo inakunywa petroli hata ikiwa imezimwa," dalali mmoja alimwambia mwenzake.

"Na spea yake inatoka kwa malkia," mwenzake akajibu.

Mimi nilivua koti, nikaingia chini yake. Kati ya watu wote waliokuwa pale, ni mimi pekee niliyejua kinachotazamwa. Nilikuta mafuta yanavuja kwenye sili ya nyuma, mpira wa kuyazuia, na bushi mbili zimekwisha. Niliisikiliza injini ikiwa baridi, kisha ikiwa moto. Nikamwambia mwenye gari kwamba bei yake, laki saba, ni ya mtu asiyejua sili. Akaniuliza nilisoma wapi. Nikamwambia. Tukaafikiana laki sita.

Nilikuwa na laki tatu.

Benki ilinipa kiti cha kukalia na chai, ikaninyima mkopo. Ndipo nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka hukaza meno: niliwaendea wale wale walionicheka. Baba mdogo alikuwa amelipwa pesa za kahawa yake. Jirani alikuwa na duka. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi pale Ishiara, na hela zake alizibeba katika soksi. Tulikutana sebuleni kwangu. Kila mmoja alikubali laki moja, haraka kuliko nilivyotarajia, na hapo ningepaswa kushtuka. Hawakukopesha ili nipate. Walikopesha ili wawe karibu nikianguka.

Masharti yao yalikuwa haya. Nilipe yote kabla ya vyuo kufungwa Desemba. Baba mdogo akae na logibuku, hati ya umiliki wa gari, pamoja na fomu ya kuhamisha umiliki iliyotiwa sahihi yangu, jina la mnunuzi likiachwa wazi. Nikishindwa, jirani ataandika jina lake hapo, atawalipa wenzake, na gari litakuwa lake. Alilisema hilo akichanganya sukari katika chai yangu. Zaidi ya hayo, kila mmoja alitaka kitu cha kushika mkononi.

"Mimi nitachukua gurudumu la akiba," jirani alisema. "Nitalitundika dukani. Watu waone tuna gari."

"Mimi nachukua kiti ya nyuma," shemeji akasema.

Nilidhani anatania. Nikamuuliza kiti cha nyuma cha nini.

"Mwalimu, mbuzi za dada yangu hazijaisha. Mbili zimebaki tangu mwaka wa harusi. Leo unanunua gari ya mawaziri. Sawa, nunua. Lakini mimi nitakalia hiyo ngozi mpaka nione mbuzi zangu na laki yangu."

Mke wangu alikuwa mlangoni na birika. Akatazama chini. Kwa desturi ya kwao neno hilo halina jibu, maana mahari yasiyoisha ni haki ya shemeji kuyasema popote, hata kanisani. Nikakubali.

Kwa hiyo nililileta gari langu kutoka Timau, nikalipeleka Ishiara moja kwa moja, nikafungua bolti nne kwa mikono yangu, na shemeji akakibeba kile kiti cha ngozi akakiweka barazani pa duka lake, mbele ya zizi. Akakaa. Siku ya soko watu walipita kumsalimu kama chifu. Mimi nikarudi Embu na gari la silinda nane lenye viti viwili na shimo.

Dallas nzima walilichungulia. Wanafunzi wangu walilipa jina, silirudii hapa. Jirani alilitundika gurudumu langu juu ya mifuko ya saruji, na kila mteja alielezwa ni la nani na kwa nini. Baba mdogo alikuja akazunguka gari mara moja, akagonga boneti kwa kidole. Nikamkumbusha habari ya baiskeli. Akasema alisema baiskeli, hakusema deni.

Miezi mitatu ilipita. Mshahara wa mwalimu, baada ya petroli, haukutosha kulipa hata robo. Niliendesha kwenda chuoni Jumatatu na Ijumaa tu, siku nyingine nikatembea, na honi ya jirani ilikuwa pale pale.

Jumamosi moja nilikuwa nimeliegesha mjini Meru, nikienda kumwona mama yangu mzazi. Kando ya barabara kulikuwa na pikapu imekufa, boneti wazi, na mwanamke mnene mwenye leso ya njano amekaa juu ya mabunda ya miraa yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Miraa hutafunwa mbichi, kwa hiyo ni mali ya siku moja. Ikichumwa asubuhi kule Nyambene, jioni iwe uwanja wa ndege Nairobi, la sivyo ni majani ya kulisha mbuzi. Pikapu zote nyingine zilikuwa zimeondoka saa mbili kabla. Mwanamke yule alinyanyuka, akaja akachungulia dirisha langu.

"Bwana, hii gari yako haina kiti?"

"Kiko kwa fundi," nikasema.

"Hiyo si gari. Hiyo ni pikapu imevaa suti." Akacheka peke yake. "Inakimbia?"

Nikamwambia inakimbia kuliko kitu chochote alichowahi kukaa juu yake.

"Basi beba mzigo yangu. Nakulipa mara mbili ya pikapu. Kama ndege itaniacha, unanilipa mzigo."

Nataka kusema ukweli: nilikasirika. Sikusoma miaka mitatu ng'ambo ili nibebe miraa. Nilimwambia mimi ni mwalimu mwenye diploma. Akaniuliza kama diploma inaogopa majani. Nikalifikiria lile gurudumu juu ya saruji, nikafungua mlango wa nyuma.

Mzigo wote uliingia, ukafika mpaka kwenye dari. Kama kile kiti kingekuwapo, hata nusu isingeingia. Nikaondoka. Asiyewahi kupanda milima ya kati ya Meru na Chuka kwa silinda nane hajui ninachosema. Pale ambapo pikapu hurudi gia ya pili na kulia, mimi niliongeza mafuta na lile gari likainua kifua. Kona za bondeni nilizipita kwa breki za mtu aliyefundishwa breki. Tulipita Runyenjes, Embu, na mashamba ya mpunga ya Mwea, mama wa miraa ameshika mpini wa dari akiomba kwa Kimeru. Tulifika uwanja wa ndege kabla ya pikapu mbili zilizomtangulia. Alinilipa pale pale, akasema, "Jumamosi ijayo, mwalimu wa suti."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Sikugombania mizigo ya kawaida na wenye pikapu. Nilichukua mzigo uliochelewa tu, ule ambao hakuna mwingine angethubutu, na nikatoza mara mbili. Mvua ikinyesha asubuhi na wachumaji wakichelewa, walinitafuta mimi. Jumamosi, Jumapili, na likizo yote ya Agosti. Ndani ya gari pakawa na harufu ya majani mabichi isiyotoka. Lakini kufikia Novemba nilikuwa na laki mbili na nusu katika kopo la unga, na zimebaki wiki tatu.

Ndipo, na mzigo mkubwa kuliko yote, tairi ya nyuma ikaishiwa upepo kwenye kona za kabla ya Chuka. Gurudumu la akiba lilikuwa Embu, juu ya saruji. Mama wa miraa alishuka akatazama tairi, akanitazama mimi. Mzigo ule ukioza, malipo yake yangemeza karibu kopo lote, na jirani angeandika jina lake katika fomu. Nilijua hivyo. Yeye pia alijua, maana nilikuwa nimemweleza njiani.

Pikapu moja iliyochelewa ilipunguza mwendo kando yetu. Dereva akatoa kichwa.

"Mwalimu, nikuletee kiti ukalie ungojee?"

"Enda," nikamwambia. "Tutaonana Embu."

Tangu siku niliyonyang'anywa gurudumu nilibeba vyuma vya kubandulia tairi, viraka na pampu ya mkono. Hiyo ndiyo diploma. Nilitoa tairi kwenye rimu kwa mikono, barabarani, kwenye tope, nikatafuta msumari kwa vidole, nikabandika tyubu, nikapiga pampu mpaka mabega yakawaka. Mama alihesabu mipigo kwa sauti, na akasahau hesabu, akaanza upya. Nusu saa. Yule dereva nilimpita kabla hatujafika Embu, kwenye mlima, na sikupiga honi. Ndege haikutuacha.

Wiki mbili baadaye nililipa watu wote siku moja.

Nilianza kwa jirani. Niliingia dukani wakati wateja wamejaa, nikaweka noti juu ya kaunta, nikapanda mwenyewe juu ya mifuko ya saruji nikashusha gurudumu. Akaniambia hapakuwa na haraka hiyo yote. Nikalibingirisha mpaka nje.

Baba mdogo alikuwa tayari mjini Embu, maana alikuja mapema kushuhudia jina likiandikwa. Alinipa logibuku na ile fomu. Nikaichana mbele yake. Akachukua laki yake, akaihesabu, kisha akasema kwa utulivu, "Ukifika kwa huyo shemeji yako, mshukuru. Ndiye alikutolea kiti. Bila yeye ungebeba nini?"

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Lina ukweli, na bado nalichukia. Mwizi akivunja dirisha, upepo mzuri ukaingia, humlipi mwizi.

Nilinunua mbuzi wawili madume, wanono, nikawapakia pale pale palipokuwa na kiti, nikateremka Ishiara na joto lake. Ilikuwa siku ya soko. Shemeji alikuwa barazani amekalia ngozi yangu, ameweka miguu juu ya ndoo. Nilifungua mlango wa nyuma na mbuzi wakaruka chini mbele ya soko lote. Nikampa laki yake mkononi.

"Simama," nikamwambia.

Alisimama. Kiti kilikuwa kimepasuka mshono mmoja, na kilinuka zizi. Nilikibeba peke yangu, nikakirudisha, nikakaza bolti nne polepole, kila moja mpaka mwisho, watu wakitazama. Nilipomaliza alikuwa amevaa kofia.

"Shemeji, nifikishe Embu. Nimsalimie dada."

Nilitazama nyuma. Kiti kilikuwa kitupu, kipana, cha watu watatu.

"Kumejaa," nikasema, nikawasha injini.

Mke wangu alipoambiwa kwamba nimemwacha kaka yake sokoni hakunisemesha siku mbili. Nilikula chakula changu, logibuku ikiwa kando ya sahani.