Neno la Baba Neema

Nilimwahidi Baba Neema kwamba siku ya arusi ya binti yake nitamshikia kipaza sauti mpaka amalize kusema mwenyewe. Aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikamjibu, "Ndiyo, baba." Mdogo wangu unayejiandaa kwenda kujitolea, nakusimulia jinsi nilivyoivunja ahadi ile, ingawa kila ninapoisimulia natamani kuufunika uso.

Nakumbuka nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimepangiwa kituo kidogo cha watu wenye ulemavu kule Issuna. Baba Neema alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono yake haikutulia, na maneno yalimtoka moja moja, kwa jasho. Lakini akili yake ilikuwa kali kuliko yangu. Katika kila shughuli ya ukoo, mdogo wake ndiye aliyesimama kumsemea. Sasa alikuwa anamwoza mtoto wake wa pekee, na alitaka neno la baba mzazi litoke kinywani mwake. Tulifanya mazoezi kila jioni kwa wiki tatu. Sentensi za mwanzo nilizikariri. Ile ya mwisho hakuniambia.

"Hiyo... ya Neema," alisema, akicheka.

Siku ikawadia, turubai likajaa watu. Baba Neema alisimama, nami nikamshikia kipaza sauti. Aliwashukuru wakwe. Akaanza kumtaja marehemu mkewe, na jina likamgomea. Tukasubiri. Watoto wakaanza kuchekacheka.

"Mzee, keki inayeyuka huku!" mshereheshaji akatania. Watu wakaangua kicheko.

Mdogo wangu, sikumwonea huruma yeye. Niliona haya kwa ajili yangu, kusimama mbele ya watu wote wale karibu na ukimya ule. Nikakivuta kipaza sauti kinywani mwangu, nikasema, "Kwa niaba ya baba yetu..." Nikamalizia zile sentensi nilizozikariri, kwa sauti nzuri, nikaongeza na za kwangu. Vigelegele vikapigwa. Wakwe wakaja kunipa mkono. Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi: nilikula pilau siku ile nikijiona nimeokoa shughuli.

Baba Neema aliketi, hakusema tena. Jioni, kabla hajapanda gari kwenda kwa mumewe Kinampanda, bibi arusi Neema alinijia.

"Kaka, nani alikutuma?" Alikuwa analia. "Nimemsubiri baba miaka yote. Wewe umeshindwa dakika tano?"

Asubuhi nilimwendea Baba Neema. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia kama kawaida, akanielekeza kigoda. Nikamwomba radhi, kisha nikamsihi aniambie ile sentensi ya mwisho, niiandike, nimpelekee Neema.

Akatikisa kichwa.

"Arusi... ilikuwa... jana," akasema. Baadaye akaongeza, "Sauti yako... nzuri. Lakini Neema... ana baba."

Mpaka leo sijui alitaka kumwambia nini binti yake, na Neema naye hajui.

Chuoni tulifundishwa kuwa sauti ya wasio na sauti. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Baba Neema alikuwa na sauti. Aliyepungukiwa ni mimi, na nilichopungukiwa ni subira. Utakapofika kituoni, usikimbilie kusaidia. Uliza kwanza. Ukiambiwa shika, shika hicho ulichoambiwa, usizidishe. Watu wakicheka, acha wacheke. Aibu yako ibebe mwenyewe, usimtwike mtu uliyekwenda kumtumikia.

Mungu akujalie masikio yasiyochoka na mikono inayojua kutulia, na akulinde na sifa zisizo zako.

Nami nina ombi moja kwako: mtu akizungumza polepole mbele yako, tafadhali msubiri amalize.