Mkanda wa Mama Aliyekaa Eda

Mtoto wa kaka yangu anahariri video za harusi kwenye kompyuta, na kazi ikigoma kutoka, nyumba nzima hatupumui. Mstari unatembea, unafika karibu na mwisho, unasimama, kisha yanatokea maandishi kwamba imeshindikana. Anashika kichwa, anazima, anawasha, anawapigia wenzake simu. Mie namtazama tu na kikombe changu cha chai. Nikimwambia hata sie tulikuwa tunagomewa, ananijibu, shangazi, enzi zenu mlikuwa na nini cha kugoma? Mtoto huyu ana mdomo, kaurithi kwangu.

Tulikuwa na deki, mashine ya kuchezea mikanda ya video. Ni miaka ya tisini mwanzoni hiyo, milango ya biashara imefunguliwa, vitu vya Dubai vinamwagika madukani, na huku Bara, vituo vya televisheni bado havijaanzishwa, ukiwasha televisheni bila deki unaona chenga tupu. Mwenye televisheni alitaka deki, na mwenye deki alitaka mikanda. Kaka yangu alikuwa na kibanda Manzese, anatengeneza redio na deki. Mie nilikuwa na kamera. Mwanamke na kamera begani, watu walinikodolea macho, lakini kazi nilipata kuliko wanaume, maana shughuli ya wanawake hairekodiwi na mwanamume. Siku hiyo wanajifungia wenyewe, mabuibui yanavuliwa, watu wanacheza watakavyo, na mwanamume haingii hata kwa dawa. Basi nikaingia mie.

Sharti hilo lilitufuata hadi kibandani. Kanda za kamera yangu zilikuwa ndogo, deki ya nyumbani haizipokei, kwa hiyo lazima picha zihamishwe kwenye mkanda mkubwa. Nikianza kuhamisha kazi ya wanawake, kaka anageuza kiti, anaipa televisheni mgongo, anaelekea mlangoni. Kukiwa na hitilafu ananiuliza naona nini, nami namsimulia. Alitengeneza picha asizoziona, na hakuwahi kugeuza shingo hata mara moja. Hilo nitamshuhudia mbele ya Mungu. Nilimpenda sana kaka yangu kwa ajili hiyo, ingawa sikumwambia.

Sasa kulikuwa na binti mmoja wa Kinondoni. Baba yake alifariki harusi ikiwa imekaribia, na kabla ya kukata roho aliusia siku isivunjwe. Wakamtii. Lakini mama mtu keshakaa eda, na mjane aliye eda hatoki wala hajipambi mpaka siku zake ziishe. Harusi ikapelekwa Temeke kwa baba mdogo, ngoma zisilie kwenye nyumba ya msiba, na mie nikaenda na kamera yangu. Mtoto wake wa pekee akaolewa upande mwingine wa mji, na yeye akabaki kwenye mkeka wake anawasikia majirani wakipiga soga.

Baada ya harusi binti akanifuata mwenyewe Manzese, hina bado imekoza mikononi. Mumewe kapata kazi Uarabuni, kesho yake asubuhi wanapanda ndege, na mama hawezi hata kumsindikiza. Alitaka kitu kimoja tu: alasiri ile akae na mama yake, wautazame mkanda pamoja. Kuutuma baadaye hakutaka kusikia. Alisema mama akiutazama peke yake, atalia peke yake. Nikamwambia nenda kakae naye, nami nakuja. Niliahidi kama vile umeme wa Manzese ni wangu.

Nikachomeka kamera kwenye deki, nikaacha ihamishe kidogo, nikarudisha nyuma kukagua. Chenga. Zinapita kama mvua, zinaacha, zinarudi, na kila zikija picha inapinda na sauti inakoroma. Kaka, mgongo kanipa, akasema ni hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda. Akanielekeza niisafishe kwa pamba na spiriti, kana kwamba sijui. Nikasafisha. Chenga palepale. Tukabadili nyaya, tukabadili mkanda, tukachomoa feni, nikaipiga deki kibao cha ubavuni, maana wakati mwingine ilisikia. Wapi. Jua linasogea, na mie roho juu, namfikiria yule mama aliyekwisha oga na kutandika mkeka anasubiri. Nikaanza kumsemea kaka maneno yasiyofaa kuhusu ufundi wake. Alikuwa na subira ya kuudhi yule mtu.

Akaniambia niwashe tena, na kila chenga zikija niseme, zikiondoka niseme. Nikawa natangaza. Zimekuja. Zimekwenda. Zimekuja. Yeye katazama nje mlangoni mpaka nikadhani kasinzia.

"Usiguse kitu," akasema. "Si deki."

Banda la pili alikuwa kahamia fundi wa kuchomelea mageti, tukivuta naye umeme mmoja. Kaka alikuwa anatazama cheche zake. Kila fundi alipogusisha chuma cheche zikaruka, mie nikasema zimekuja. Alipoinua mkono, nikasema zimekwenda. Kama kaka angekuwa ameikodolea televisheni kama mie, tungeshinda pale tunasugua hedi mpaka iishe.

Kujua ugonjwa si kupona. Fundi yule alikuwa na geti la mtu na mwenyewe yupo kasimama anamhimiza. Kaka akamwomba apumzike, akakataa, akauliza kwani picha za harusi zitaoza? Hapo nikatoka mie. Nilikuwa nimejiandaa kumtolea yote niliyojaliwa, na mdomo ninao. Lakini nilipofika mbele yake hasira ikaniishia, nikasema tu kwamba mama wa bibi harusi yuko eda, hakumwona mwanawe akiolewa, na mwana anaondoka kesho. Fundi akamtazama mwenye geti. Mwenye geti akatazama chini, akasema hata kesho ni siku. Wakakaa wote wawili juu ya geti lile, wakaagiza kahawa, na mkanda ukahama wote bila doa.

Nilifika Kinondoni jua limeinama. Nikampa mama shikamoo na pole yake, akaniambia binti yake kaenda mlangoni mara ngapi sijui. Shangazi mmoja wa marehemu alikuwepo, akaguna kwamba mjane na televisheni wapi na wapi. Mama akamjibu kwa upole kwamba haangalii ngoma, anamwangalia mwanawe. Nikatia mkanda, nikajibanza pembeni.

Wakatazama. Mama aliuliza nani huyu, kavaa nini yule, mbona fulani kanenepa. Alicheka, kitu ambacho yule shangazi hakukipenda. Ikafika sehemu ya kumtunza bibi harusi, wanawake wanakwenda mmoja mmoja na ngoma, huyu anamfunika kanga, huyu anambandika noti, huyu anamvisha asumini. Walikwenda shangazi, wakaenda mama wadogo. Nilijua kinachofuata.

Wanawake wakarudi nyuma, wakaacha uwanja mtupu. Ngoma inapigwa polepole, ileile, na bibi harusi kakaa kwenye kiti chake, macho chini, hatikisiki. Mbele yake hakuna mtu. Inakwenda hivyo, inakwenda, picha moja tu. Siku ile Temeke watu walinong'ona kwamba shughuli imezubaa, na mie mkono uliniuma kuishikilia kamera, lakini binti alikuwa ameniomba nisiizime.

Mama akanigeukia. "Imekwama, mwanangu?"

Binti ndiye aliyejibu.

"Haijakwama, mama. Hapo ni zamu yako. Tulikuwa tunakungoja."

Mama akarudisha macho kwenye televisheni, ngoma bado inalia. Kisha akainuka, magoti yakimsumbua, katika gauni lake jeupe lisilo na pambo. Hakucheza, alitembea tu, akavuka mkeka mpaka alipokaa mwanawe. Alikuwa hana cha kumtunza. Akaivua kanga ya mabegani mwake, akamfunika nayo, akamwekea mikono miwili kichwani. Nililia mie, wala sikujificha, na yule shangazi naye nilimwona.

"Nishafika, mwanangu," mama akasema. "Nishafika."