Kikumi Chini ya Turubai

Maximilla hakuwa mtu wa kubembeleza mteja. Ukiingia dukani kwake Tororo, pale barabara ya kwenda sokoni, ukauliza kama shokamzoba iko, alikutazama kwanza viatu, halafu uso, halafu akasema, "Ya gari gani, au unataka ya kuweka kitandani?" Watu walicheka na kununua. Walisema Msamia huyu mdomo wake hauna breki, lakini spea zake hazina uongo.

Hiyo ilikuwa enzi ya mtu kuja na kifaa kilichokufa mkononi, kimefungwa kwa gazeti, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Anakilaza juu ya kaunta, Maximilla anakigeuzageuza, anapanda stuli, anashusha kipya. Kila Jumanne alivuka mpaka kwenda kwao Busia, upande wa Kenya, kuchukua mzigo. Na aliyenunua alielekezwa nyumbani, nyuma ya ule mwamba mkubwa wa Tororo, kwa mume wake Ecodu, fundi Mwiteso ambaye hakuwa na gereji, alikuwa na kivuli cha mfenesi na benchi. Mke anauza, mume anafunga. Binti yao Lorine alisomeshwa na kazi hiyo mpaka akaolewa Soroti.

Siku hizi mtu anakipiga kifaa picha, anaituma Kampala au Nairobi, na boda inamletea mzigo mlangoni. Akipita kwa Maximilla ni kuuliza bei tu, apate ya kumtishia yule wa kwenye simu. Na magari yenyewe yamegeuka, yanataka kompyuta kabla ya spana. Rafu za Maximilla zikabaki zimejaa vitu vya magari yaliyokwisha kuuzwa kama vyuma chakavu. Alivipangusa vumbi kila asubuhi, kama mtu anayeosha vyombo vya wageni wasiokuja.

Nyumbani kulikuwa na Kikumi. Hiyo ni Corolla ya zamani, ambayo watu wa Uganda waliibatiza hivyo kwa sababu ya ile mia moja, kikumi kwa Kiganda, ya jina lake la kiwandani. Ecodu aliinunua ikiwa mzoga, akaifufua mwenyewe chini ya mfenesi. Ndiyo iliyompeleka Maximilla Busia kila Jumanne, Ecodu akiimba nyimbo za kanisa kwa Kiteso, mke akimwambia apunguze sauti, anatisha ng'ombe wa watu.

Siku moja injini ilichemka. Ecodu akafungua hedi, kile kichwa cha injini, akaipeleka kusawazishwa, akaagiza gasketi mpya ya kuweka chini yake. Maximilla akaileta. Lakini sukari ilikuwa imemla kimyakimya, na wiki ile ile macho yakafungika kabisa, akawa haoni. Gasketi ikatundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, bado kwenye nailoni yake.

"Macho ikifunguka kidogo tu," Ecodu alisema, "nafunga hedi, nakupeleka Busia."

"Na hizo nyimbo zako?"

"Na nyimbo."

Gari likafunikwa turubai. Kila asubuhi Ecodu alitoka akipapasa ukuta mpaka alifikie, akapitisha kiganja juu ya turubai, boneti, paa, milango, kama anayepapasa ng'ombe aliye na mimba. Kisha aliuliza, "Mama Lorine, gari iko aje?" Maximilla akajibu, "Iko." Kwa siku nzima hiyo ndiyo ilikuwa dawa iliyomfanya ale chakula. Ile nyingine, ya sindano, ilitaka pesa.

Ndipo akaja Ojiambo. Huyu alikuwa mtu wa kwao Maximilla, dereva wa kubeba watu kati ya Busia na Masafu, naye gari lake lilikuwa Kikumi.

"Dada, stata. Nimezunguka Busia zote mbili, Kenya na Uganda. Hakuna duka linaweka tena."

"Na Kampala yako ya kwenye simu?"

"Waliniletea. Ikafa hata haijazoea gari."

"Ungeizika basi, unaniletea matanga ya nini?"

Ojiambo akacheka, lakini hakuondoka. Watoto wake walikula kwa gari lile, na lilikuwa linasukumwa ndipo liwake. Maximilla akatazama rafu zake. Kisanduku cha dawa ya Ecodu kilikuwa kitupu tangu juzi. Akamwambia Ojiambo arudi kesho.

Mchana ule, Ecodu akiwa amelala, aliinua turubai mwenyewe, akaingia chini ya gari na spana ya mume wake, akafungua stata. Stata ile Ecodu aliwahi kuichongea bushi ya shaba, kile kipete cha ndani, kwa mkono, na tangu hapo ilikuwa inakohoa mara mbili kabla ya kushika. Maximilla aliifunga kwenye kanga, akaitia kikapuni, akaweka sukuma wiki juu.

Kuuza gari zima hangeweza. Gari zima linaondoka kwa kelele, na Ecodu angeuliza. Kifaa kinaondoka ndani ya kikapu.

Habari ikatembea, maana wenye Vikumi wanajuana kama wenye kilema kimoja. Odoi wa kusaga mahindi akaja kutaka altaneta ya kuchajia betri. Katekista akaja kwa ajili ya rediyeta, akaongeza na honi. Kila mmoja Maximilla alimfokea, akamwambia kwamba hapa si buchari, kisha akamwambia arudi kesho. Dawa ikawa haikosekani. Lakini alijiwekea mpaka mmoja: hakugusa chochote ambacho mkono unaweza kukifikia kutoka nje. Boneti ilibaki, milango ikabaki, vioo, taa, tairi zilizolala. Chini ya boneti palibaki shimo.

"Gari iko aje?"

"Iko."

Jumapili moja Ojiambo alikuja kumwona mgonjwa. Alileta ndizi, akakaa na shemeji yake chini ya mfenesi, wakatania kuhusu nani alikula mahari ya nani. Alipoaga, akaingia garini, akawasha. Gari likakohoa mara mbili, likashika.

Ecodu akageuza kichwa.

"Ojiambo. Zima."

Akazima.

"Washa tena."

Likakohoa, likakohoa, likashika. Ecodu alikuwa ameinua kidevu kama mtu anayeitwa kwa mbali.

"Hiyo stata umetoa wapi?"

Ojiambo akamtazama Maximilla. Maximilla akajibu upesi mno. "Kampala. Kila kitu siku hizi kinatoka Kampala, Baba Lorine. Mtu anatuma picha tu."

Ecodu alielekeza sikio kwenye gari. Mkono wake ulikuwa unakandakanda goti.

"Basi Kampala imejua kukohoa," akasema. "Iko mzuri hiyo. Usiwashe mrefu mrefu, itaungua."

Asubuhi iliyofuata hakutoka kwenda kwenye turubai. Maximilla alisimama na kikombe cha uji akingoja lile swali, jibu liko tayari mdomoni. Halikuja. Halikuja kesho yake wala wiki ile. Ecodu angemfokea, angemwita mwizi, yeye Maximilla angejua pa kushika, kwa maneno hajawahi kushindwa na mtu. Lakini Ecodu alikunywa uji nusu kikombe, akasema asante. Kabla ya hapo, miaka yote ya ndoa, hakuwahi kumshukuru kwa uji. Siku nyingine Maximilla alimkuta ameketi kitandani na ile gasketi mapajani, nje ya nailoni, anapitisha kidole kwenye matundu yake moja baada ya jingine. Maximilla akarudi nyuma polepole, akaanza upya kuja, akipiga kelele na sufuria ili asikike.

Ecodu alifariki kabla ya mvua za pili, mchana, dawa ikiwa bado imejaa kisandukuni.

Kabla ya kufunga jeneza, Maximilla alishusha gasketi akaiingiza ndani ya koti la mume wake. Katekista akauliza ni nini. "Ni yake," akajibu, na sauti yake ilimfanya yule bwana afungue kitabu haraka.

Walimzika pale pale nyumbani, ng'ambo ya mfenesi. Wenye Vikumi walikuja wote, wakaegesha kando ya turubai. Odoi alikuja na altaneta ya Ecodu ndani ya gari lake. Katekista aliingia langoni akipiga honi ya Ecodu, taratibu, kwa heshima. Gari lilikuwa limefika lote mazishini, ila halikuwa pamoja.

Watu walipoanza kuondoka, Maximilla alikuwa anakusanya sahani. Ojiambo akawasha. Likakohoa mara ya kwanza, ya pili, likashika. Sahani zikaanguka. Maximilla akavuka ua, akashika mlango wa gari.

"Zima."

Ojiambo akazima. "Dada, nisamehe, ningejua…"

"Nani amekuomba msamaha hapa? Washa."

Likakohoa mara mbili. Maximilla alikuwa amefumba macho.

"Zima."

Lorine akaja akamshika bega. "Mama, watu wanatazama. Twende ndani."

Maximilla hakumsikia.

"Washa tena," akasema.